Refa na Mashine ya Sabuni

Tangu Mzee Refa agome kuoga, watu wa nyumba ile walikuwa wameanza kupenda sana hewa safi. Madirisha yalifunguliwa kabla ya chai ya asubuhi na hayakufungwa mpaka mbu walipoanza kuja kwa makundi. Chakula kililiwa barazani. Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Redio kwa sababu ya kazi yake, alisifia upepo kila alipopita karibu na kiti cha baba yake, na mkewe, aliyekuwa dobi, aliunga mkono kwamba upepo wa siku hizi ni mzuri mno. Hakuna aliyetamka neno lenyewe. Vita vikubwa duniani vimeanzishwa kwa maneno madogo kuliko "baba, unanuka."

Jumapili akaja binti mkubwa wa mzee. Huyu alikuwa msimamizi katika kiwanda cha mikate, na kwa kuwa kazini alizoea kutiiwa na watu na matanuri kwa pamoja, hakuwa na tabia ya kusifia upepo. Ndugu yake alimwita Dada Mkubwa. Inasemekana hata bosi wake alijikuta akimwita hivyo hivyo.

"Baba," alisema kabla hajaketi, "umeoga lini?"

"Huwa tunaanza na salamu."

"Shikamoo. Umeoga lini?"

"Marahaba. Habari za mikate?"

"Mikate inaokwa, haihitaji kuoga. Nakuuliza wewe."

Mzee Refa akamtazama mwanawe. Fundi Redio akakumbuka ghafla redio ya mteja iliyokuwa inamsubiri chumbani. Mzee akamtazama mkwewe. Dobi alikuwa anaikagua dari kama mtu aliyeagizwa kuinunua.

"Refa haulizwi maswali baada ya mechi," mzee alisema, akageuza kiti chake kikatazama ukuta.

Ilibidi Dobi amweleze wifi yake jikoni, kwa sauti ya chini, huku maji ya chai yakichemka ili yafunike maneno.

Mambo yalikuwa hivi. Kiharusi kilipompitia mzee kilimwachia miguu, ulimi na ubishi wake wote, kikaondoka na mkono wa kulia tu. Mkono wenyewe ulikuwepo, ulining'inia mahali pake pa siku zote, lakini kazi ulikuwa umestaafu. Kwa mkono wa kushoto alijifunza kula, kuvaa na kunyoosha kidole cha onyo. Bafuni ndipo aliposhindwa. Sabuni ya kipande ilimponyoka, na alipoinama kuitafuta akaanguka akaumia bega. Sabuni ya maji ilikaa kwenye chupa, na chupa ilitaka mkono wa kuishika na mkono wa kuifungua. Chupa ya kubonyeza juu nayo ilijaribiwa: ukishaibonyeza unahitaji kiganja kingine cha kupokea, vinginevyo unaogesha sakafu.

Basi ukabuniwa utaratibu. Mzee alioga mlango ukiwa wazi kidogo, na alipohitaji sabuni alipuliza kipenga, kile kile alichochezeshea mechi miaka yake yote uwanjani. Jioni aliitika mwanawe. Lakini mchana Fundi Redio alikuwa kibandani kwake anafungua redio za watu matumbo, na aliyebaki nyumbani ni Dobi na marundo yake ya nguo. Dobi ni mkwe. Kwa hiyo alitia sabuni kwenye upawa, akageuza uso, akafumba macho kwa usalama zaidi, akaupenyeza upawa mlangoni. Mzee akachota kwa vidole. "Asante, mama." "Haya, baba." Kisha wote wawili wakakaa siku nzima bila kutazamana.

"Upawa gani huo?" Dada Mkubwa aliuliza, akiusogeza mbali ule wa mchuzi.

"Nilinunua mwingine, wifi. Haki ya Mungu."

"Endelea."

"Sasa jirani yetu seremala, dirisha la karakana yake linatazamana na la bafu. Kipenga kikilia anapiga kelele, 'Penalti!' Mwanzoni baba alicheka. Juzi juzi karakana ilijaa wateja, wakapiga kelele wote. Wengine wakashangilia bao kabisa. Baba akatoka na povu kichwani, akakifungia kipenga kabatini. Hajaingia tena bafuni."

Dada Mkubwa hakucheka. Alizima jiko, akarudi barazani, akasimama nyuma ya kiti kilichotazama ukuta.

"Jumapili ijayo narudi," alisema. "Kama baba ataweza kuoga mwenyewe, mlango umefungwa, bila kipenga wala upawa, atabaki hapa. Asipoweza, anahamia kwangu. Nimeshampata mwanamume wa kumwogesha. Mtu mzuri, ana mikono laini."

"Nani ameulizia mikono yake?" mzee aliuambia ukuta.

"Baba, ulianguka."

"Mara moja tu."

"Ndiyo maana bado tunazungumza."

Mzee Refa alikuwa ametukanwa na viwanja vizima katika maisha yake. Aliwahi kurushiwa chupa, ndizi na, katika mechi moja ya fainali, kiatu kizuri kabisa cha mguu wa kushoto. Hakutetereka. Lakini wazo la kuketi uchi kama mtoto mchanga mbele ya mgeni mwenye mikono laini lilimfanya aache chai yake ipoe.

*

Aliyepata dawa ni Dobi. Alifulia mashuka ya nyumba moja ya wageni, na siku moja alipokwenda kuyachukua aliomba kunawa mikono. Ukutani bafuni kulikuwa na kidude cheupe chenye vyumba viwili, kimoja cha sabuni, kimoja cha shampuu. Chini yake kulikuwa na ulimi. Unaweka kiganja, unausukuma kidogo, sabuni inakudondokea.

"Kiganja kile kile," alimwambia mumewe. "Kwa mkono mwingine nilikuwa nimekumbatia mashuka."

Fundi Redio aliumia kidogo kama fundi yeyote ambaye mkewe amefikiri kabla yake. "Nilikuwa nakaribia kulisema hilo," alisema.

Walikwenda duka la vifaa vya ujenzi wote watatu. Mzee alivaa koti, akatumbukiza mkono wa kulia mfukoni ili uonekane umepumzika kwa hiari yake. Ndani ya duka Dobi alichagua kusimama upande ambao feni ilikuwa inavuma kutoka kwake kwenda kwa mzee, na si kinyume.

"Mnatafuta dispensa," alisema muuzaji, kwa sauti ya daktari anayetaja ugonjwa. Akamgeukia Fundi Redio. "Ni kwa ajili ya mzee? Anasikia vizuri?"

"Anasikia," alijibu Mzee Refa. "Na anaona pia. Lete."

Ya kwanza ilikuwa ya sensa. Muuzaji alieleza kwamba hii huigusi hata kidogo, unaweka mkono tu, inatema yenyewe, kama zile za uwanja wa ndege. Mzee akaweka mkono. Haikutema. Akausogeza. Haikutema. Wote wanne wakainama kuitazama kwa heshima.

"Haina betri," muuzaji alikiri.

"Na mimi nikiwa na povu machoni betri zikaisha, nafanyaje? Niisubiri?"

Ya pili ilikuwa na kitufe mbele, kigumu kama kengele ya mlango wa serikali. Mzee alikibonyeza kwa kidole gumba, akashusha kiganja mbio kwenda kupokea. Hata asingekuwa mzee asingewahi. Alirudia, kisha akarudia tena kwa hasira, na mteja mwingine aliyekuwa ananunua misumari akasimama kutazama. Muuzaji akamshika mzee kiwiko na kukitoa taratibu kwenye kitufe, kama mtu anayemzuia mtoto asivunje kitu.

"Basi babu, basi. Utaiharibu."

Mzee Refa akaushusha mkono. Uso wake ulifunga. Fundi Redio aliyaona masikio ya baba yake yakibadilika rangi, akataka kusema jambo kali, na akiwa bado analitafuta, Dobi alishalipata.

"Ondoa mkono wako, kaka. Hatujakwambia tunakununua wewe. Tunanunua ile pale."

Ile pale ilikuwa kwenye rafu ya juu: nyeupe, vyumba viwili, na chini ya kila chumba ulimi mpana. Muuzaji aliishusha, sasa akiwa na adabu za kutosha, lakini akajaribu ujanja wa mwisho wa kibiashara.

"Ipo na ya chumba kimoja, ya bei nafuu. Maana mzee," alitupa jicho kwenye upara uliong'aa chini ya taa za duka, "shampuu haitamhusu sana."

"Kijana," mzee alisema akijipapasa upara, "hapa katikati ni uwanja. Huku pembeni ni watazamaji. Watazamaji wangu hawakai na uchafu. Tia sabuni humo nijaribu."

"Ikishatiwa sabuni si mpya tena."

"Usipotia si yetu."

Muuzaji akaleta sabuni ya kunawia kutoka sinki la nyuma, nzito na ya kijani, akamimina kidogo. Mzee akaweka kiganja cha kushoto, akausukuma ulimi kwa mzizi wa kiganja. Tone likaanguka katikati ya mkono. Akasukuma tena, likaanguka jingine. Alisimama akilitazama tope lile la kijani kwa muda ambao kwa mtu mwingine ungeitwa sala.

"Hii," alisema.

Bei yake ilimfanya Fundi Redio ashike kifua, lakini hakuomba ipunguzwe, na hilo lilikuwa jambo jipya katika ndoa yao. Mzee alikataa kitambaa cha kujifutia. Alitoka dukani akapita mtaa mzima kiganja chake kikiwa wazi mbele yake, kimejaa sabuni, na aliowapita hawakujua kama anaomba au anagawa.

*

Kuamua mahali pa kuifunga kulichukua muda kuliko kuinunua. Fundi Redio alisimama bafuni, akainua mkono, akachora alama ya penseli kwenye kigae. Dobi akasema hapo ni pa twiga. Akachora nyingine. Dobi akamkumbusha kwamba baba anaoga ameketi. Mwishowe wakamwita mwenyewe. Mzee Refa aliingia na koti, kofia na viatu, akaketi kwenye stuli yake ya plastiki, akafumba macho kama mtu mwenye povu usoni, akanyoosha mkono wa kushoto mpaka ukagusa ukuta.

"Hapo."

"Una hakika, baba? Kidogo kushoto si ingependeza zaidi?"

"Nitaoga au nitaiangalia?"

Ikachorwa hapo. Sasa ikatakiwa drili, na drili katika mtaa ule ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa seremala. Fundi Redio alikwenda karakana kwa miguu mizito. Alikuwa ameandaa hotuba ya ukali, lakini yeye ni mtu laini, na hotuba ilipotoka ilikuwa imegeuka simulizi: kiharusi, chupa, kipenga, upawa, dada, mwanamume mwenye mikono laini. Seremala alisikiliza, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Kumbe kile kipenga," alisema, "alikuwa anaomba sabuni?"

"Ndiyo."

"Na mimi nampigia penalti."

"Wewe na wateja wako."

Seremala akaichukua drili, akachukua na begi la vifaa, akatangulia yeye.

Bafuni palitokea ugomvi mfupi wa kitaaluma. Fundi Redio alishikilia kwamba nyumba ni yake na ukuta ni wake, hivyo tundu la kwanza atatoboa yeye. Kuhusu skrubu alikuwa bingwa, alimradi skrubu yenyewe iwe ndogo kuliko punje ya mchele. Aliiwasha drili ikiwa kwenye mtindo wa kugonga, ule wa zege. Kigae kikalia tiki, na ufa ukatembea kutoka kwenye alama kwenda chini bila haraka yoyote.

"Zima! Zima, ndugu yangu!" Seremala alimnyang'anya. "Kigae hakigongwi. Kigae kinabembelezwa."

Akabandika kipande cha utepe juu ya alama ili ncha isiteleze, akabadili ncha, akatoboa polepole huku Dobi akidondoshea maji kwa kikombe. Matundu yakatoka safi. Plagi za plastiki zikaingia, skrubu zikafuata, na nyuma ya mashine likapakwa duara la gundi ya silikoni. Ufa wote ukafichwa, isipokuwa ncha yake iliyochungulia chini kama unywele mmoja wa ndevu. Fundi Redio alisema ulikuwepo toka zamani. Hakuna aliyembishia, na hiyo ndiyo iliyomuumiza.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Seremala alipokuwa anafunga begi lake alikohoa.

"Mzee, ile penalti..."

"Haikuwa penalti," Mzee Refa alisema. "Ilikuwa rafu nje ya eneo."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Nimekupa kadi ya njano. Ya pili unatoka."

Seremala aliondoka amefurahi kuliko mtu aliyelipwa. Aliacha agizo moja: silikoni isipate maji mpaka ikauke vizuri. Kwa hiyo nyumba ile ikaoga kwa ndoo uani, kwa zamu, isipokuwa mzee, aliyesema kama amevumilia mpaka hapo hataki kuharibu rekodi kwa ndoo. Ilipangwa kwamba Jumapili asubuhi, kabla binti yake hajafika, atakuwa wa kwanza kuingia.

*

Jumamosi jioni Dobi aliijaza mashine. Hapa ni lazima kueleza jambo moja kuhusu madobi, au tuseme kuhusu huyu. Hakuwahi maishani kutumia sabuni kama ilivyotoka dukani. Kwake, sabuni nzito ni mfanyakazi aliyelala. Haifanyi kazi mpaka iamshwe kwa maji. Hivyo ndivyo alivyofua nguo za mtaa, alivyoosha vyombo, na hivyo ndivyo chupa zote za nyumba ile zilivyokuwa na sabuni isiyoisha wala isiyotoa povu. Aliinunua shampuu mpya kwa ajili ya siku ile, chupa mbili, akafungua moja tu. Akaigawa nusu, akaongeza maji, akatikisa. Akaifanyia sabuni ya mwili vivyo hivyo. Akajaza vyumba vyote viwili, akafuta vumbi kwa kiganja, akaenda zake akiwa na moyo safi wa mtu aliyeokoa matumizi.

Mashine ile ilitengenezwa kushikilia kitu kizito. Usiku kucha, nyumba ikiwa imelala usingizi wa ushindi, ulimi wa kulia ukadondosha tone, ulimi wa kushoto ukajibu.

Dada Mkubwa alifika mapema mno. Watu wa mikate huamka wakati ambao wengine ndio wanageuza ubavu wa pili, na kwao alfajiri ni katikati ya siku ya kazi. Alivaa gauni lake jekundu la kutokea. Fundi Redio alimfungulia mlango akiwa na jicho moja tu lililoamka. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anatoka chumbani, taulo begani, anaelekea bafuni.

"Subiri, baba," Dada Mkubwa alisema. "Niione kwanza hiyo mashine."

"Mwache aione," mzee alisema, akampisha kwa mkono kama anayempisha mgeni rasmi.

Dada Mkubwa alifungua mlango wa bafu, akapiga hatua moja. Hatua ya pili haikupigwa. Miguu yake ilikwenda mbele bila kumsubiri, mikono ikatafuta ukuta, ukuta haukuwa tayari, na msimamizi wa kiwanda cha mikate akaketi chini kwa kishindo kilichotikisa vikombe jikoni, katikati ya dimbwi la shampuu yenye harufu ya tufaha.

Fundi Redio akamkimbilia.

"Dada!" Fundi Redio alisema. Jicho la pili lilikuwa limeamka.

"Msinishike. Msije mkaanguka na nyie." Alikuwa anashika kifundo cha mkono wake wa kulia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na wote waliomfahamu waliogopa zaidi. "Baba alikuwa anaingia humu. Mmeona? Sekunde moja tu. Angekuwa baba hapa chini, na asingesimama tena."

Mzee Refa alitazama sakafu inayong'aa, akatazama miguu yake mwenyewe ndani ya kandambili, na taulo likamteleza begani. Alikuwa ameshinda juma zima akijiona na kiganja kimejaa sabuni. Sasa alijiona ameketi pale alipoketi binti yake.

"Kamfungieni nguo zake," Dada Mkubwa alisema.

"Wifi." Dobi alikuwa amesimama mwishoni mwa korido, mikono kinywani. "Wifi, mashine haina kosa. Ni mimi. Nilitia maji."

"Ulitia maji wapi?"

"Kwenye sabuni. Na shampuu. Nusu kwa nusu." Machozi yalianza kumtoka. "Nimezoea. Mikono ilifanya yenyewe. Wala sikufikiri."

Fundi Redio akaisogelea mashine kwa kunyata, ameshika fremu ya mlango, akaugusa ulimi. Maji ya kijani yakachuruzika mbio kama mtoto anayekimbia shule. "Ni kweli," alisema. "Hii si shampuu. Hii ni chai."

"Baba angekufa kwa chai," alisema dada yake.

"Lakini sijafa," alisema Mzee Refa.

Wakamgeukia. Alikuwa ameliokota taulo. Alilibana kwapani.

"Ulisema nioge mwenyewe mlango umefungwa," alimwambia binti yake. "Sijaoga bado. Huwezi kunihukumu kwa mechi uliyocheza wewe. Sakafu isuguliwe, mashine itiwe sabuni ya watu, halafu niingie. Nikishindwa, nitakwenda kwako, na huyo mtu wako mwenye mikono nitamvumilia. Sitabisha."

Dada Mkubwa alimtazama kutoka chini. Kwa mtu aliyelowa shampuu mpaka kiunoni ni vigumu kukataa kwa heshima.

"Mkeo asiguse maji," alimwambia mdogo wake.

Dobi alisugua sakafu kwa brashi ya kufulia mpaka vigae vikapiga kelele chini ya kidole. Fundi Redio aliimwaga ile chai yote. Kisha ikaletwa chupa ya pili ya shampuu, ambayo haijafunguliwa, na Dobi akaimimina mwenyewe, nzito, nzima, bila tone la maji, akiwa amekunja uso kama anayemwaga dhahabu chooni. Sabuni ya mwili nayo ikafuata. Wakasubiri, wote wanne wamechuchumaa mbele ya mashine kama watu wanaotazama televisheni. Haikudondosha kitu.

"Nitaanza mimi," Dada Mkubwa alisema. "Siwezi kukaa hivi, nanata kama keki. Na kama kuna mtu wa kuanguka, nimeshazoea."

Aliingia akafunga mlango. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kifundoni na haukutaka kushika kitu, kwa hiyo alioga kwa kushoto. Walimsikia akilisonya bomba, akilisonya taulo, akiisonya stuli. Kisha ulimi wa mashine ukalia kidogo, ta, ukafuatwa na kimya. Ukalia tena. Ukalia mara nyingi kuliko kichwa kimoja kinavyohitaji.

"Anamaliza shampuu," Dobi alinong'ona kwa uchungu.

"Nyamaza, mke wangu. Leo nyamaza."

Dada Mkubwa alitoka amevaa gauni la Dobi, ambalo kwake lilikuwa blauzi ndefu. Alimpisha baba yake kwa mkono, kama alivyopishwa yeye.

Mzee Refa akaingia. Mlango ukafungwa, na kwa mara ya kwanza tangu lile anguko, komeo likasukumwa.

"Baba, komeo la nini?"

"La kufungia."

Maji yakafunguliwa. Binti yake alisimama mlangoni kabisa, sikio limegusa ubao. Fundi Redio alikuwa ameshika bisibisi bila kujua ameichukua wapi. Dobi aliketi sakafuni koridoni na kuukumbatia upawa, asije akahitajika. Wakasikia stuli ikivutwa. Wakasikia mzee akiguna. Kisha kitu kikaanguka, pa!

"Baba!" walipiga kelele wote watatu.

"Ni kandambili!" ilijibu sauti kutoka ndani. "Na mimi ni mtu mzima, niko bafuni, naomba faragha yangu!"

Wakarudi nyuma hatua moja, kisha wakarudi mbele. Ulimi ukalia, ta. Kimya. Vidole vikasugua, taratibu, kwa mkono mmoja, uwanja na watazamaji wake wote. Ta. Kisha ikaja sauti ambayo hakuna mmoja wao aliyeitegemea: mzee alikuwa anaguna wimbo, vibaya mno, na hakuwa na haraka hata kidogo.

Dobi akaanza kulia tena, kwa sababu nyingine. Dada Mkubwa akateremka chini, akaketi kando yake koridoni, miguu imenyooka nje ya gauni fupi.

"Wifi," alisema, "nilikuwa siogopi kwamba ananuka. Nilikuwa naogopa mnaona haya kumwambia mpaka siku moja mtaona haya kuniambia mimi kwamba ameanguka tena."

"Tungekwambia."

"Kwa upepo?"

Dobi akacheka katikati ya machozi, na kucheka kwake kukamwambukiza mwenzake, wakacheka wote wawili kwa kuzibana midomo wasimkatishe mwimbaji. Fundi Redio aliwatazama, akahitimisha kwamba wanawake ni fani ngumu kuliko redio, akaenda kurudisha bisibisi.

Mzee alikaa humo mpaka maji ya moto yakaisha na ya baridi yakachoka. Komeo lilipofunguliwa alitokea amevaa kikamilifu, vifungo vya shati vyote mahali pake isipokuwa kimoja, povu kidogo nyuma ya sikio, ananukia tufaha. Dada Mkubwa aliinua kidole kumfuta lile povu. Mzee akakitazama kidole. Kidole kikashuka.

"Haya," alisema mzee. "Toa uamuzi."

"Utabaki."

"Sikusikia vizuri."

"Baba, umesikia."

"Nimesikia. Rudia."

"Utabaki hapa kwenu." Akavuta lile gauni chini bila mafanikio, kisha akatazama pembeni, jambo ambalo matanuri ya kiwandani hayakuwahi kumwona akifanya. "Lakini Jumapili ijayo nitakuja tena."

"Kukagua nini tena, mama?"

"Sikagui. Nakuja kuoga."

Mzee Refa alimpima binti yake kuanzia nywele mpaka nyayo, kwa utulivu wote wa mtu msafi.

"Uje na taulo lako," alisema, akaenda zake barazani.